Chembe zinazopasha moto na mawimbi yanayozitupa: jibu kwa mwalimu wa Wete

Swali: "Assalaam alaykum. Nafundisha fizikia katika skuli moja hapa Wete, Pemba. Vijana wangu wa kidato cha sita wamesoma kwamba mtambo wa kuunganisha viini vya atomu utajipasha moto wenyewe kwa chembe za alfa. Halafu mmoja wao akakuta pameandikwa kuwa chembe hizo hizo huamsha mawimbi ndani ya plazma, na mawimbi yakazitupa nje. Kama ni hivyo, mtambo si unajipalia makaa? Na wataalamu wanapigaje hesabu ya mwendo wa chembe zote hizo, ilhali hakuna kompyuta inayoweza kuifuata kila moja? Je, sisi na laptopu moja ya skuli tuna la kufanya?"

Waalaykum salaam, mwalimu. Kijana wako amesoma sawasawa, na wasiwasi wake ndio uliowashughulisha watu wa fani hii tangu miaka ya 1980. Ni kweli kwamba chembe zinazopasha moto ndizo zinazoamsha mawimbi ndani ya plazma, ile gesi ya moto ambayo elektroni zake zimeachana na viini. Lakini kuamsha mawimbi ni jambo moja, na kutupwa nje ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili pana kizingiti. Kinachoamua kama kizingiti kimevukwa, mara nyingi, si ukubwa wa wimbi moja bali ni iwapo mawimbi madogo mengi yamekaribiana kiasi cha chembe kutoka katika moja na kudakwa na jingine. Modeli zote nitakazozitaja zinahangaika na jambo hilo, na laptopu yenu inaweza kulionyesha kwa hesabu ya mistari miwili. Nitaifikia.

Tuanze na chembe yenyewe. Deuteri na triti, aina mbili nzito za haidrojeni, zikiungana, hutoka nutroni yenye nishati ya elektronivolti milioni 14.1 na kiini cha heliamu, ndiyo alfa, chenye milioni 3.5. Nutroni haina chaji, sumaku haiijui, inakwenda zake hadi ukutani na joto lake ndilo la kuendeshea mashine za umeme. Alfa ina chaji mbili, kwa hiyo inanaswa na uga wa sumaku, inabaki ndani na kuziachia elektroni nishati yake kidogo kidogo. Katika ITER, mashine inayojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, lengo ni kupata megawati 500 za muungano kwa kuingiza megawati 50 za joto kutoka nje. Sehemu moja ya tano ya hizo 500 ni ya alfa: megawati 100, yaani maradufu ya joto tunaloingiza. Megawati 100 ndio uwezo wa waya wa pili wa umeme wa Unguja, ule unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba na ulioanza kazi mwaka 2013. Nguvu yote hiyo inapita katika gesi ambayo ukiitia kwenye mizani haifiki gramu moja, na kwa sababu hiyo hiyo waambie vijana wasiogope mlipuko. Kinachoogopwa ni ukuta wa mashine. Alfa 5 kwa mia zikitoka kabla ya wakati wake, ni megawati 5, na hazigawanyiki sawasawa ukutani. Huangukia sehemu chache.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1983 mashine ya PDX pale Princeton, Marekani, ilipokuwa ikipashwa moto kwa miale ya chembe za kasi, ilipata mitikisiko iliyoacha alama kama mifupa ya samaki kwenye vipimo vya sumaku, na kati ya 20 na 40 kwa mia ya nguvu ya miale ikapotea. Baadaye, kwenye mashine ya TFTR ya hapo hapo Princeton, ayoni za kasi, yaani atomu zilizopoteza elektroni, zilizotupwa na mawimbi ziliwahi kukiharibu chombo chenyewe hata kikavuja.

Sasa mawimbi. Plazma ikiwa ndani ya uga wa sumaku, mistari ya uga hukataa kupindwa. Ukiipinda hujinyoosha, na kwa vile ayoni zimeshikamana nayo, uzito wake huifanya ipitilize upande wa pili, na mtikisiko unasafiri kuufuata mstari. Mswidi Hannes Alfvén ndiye aliyeliandika hili mwaka 1942, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Nobel. Kasi ya wimbi ni B gawanya kwa kipeuo cha pili cha μ₀ mara ρ, ambapo B ni uga, μ₀ ni namba isiyobadilika ya sumaku iliyomo vitabuni, na ρ ni uzito wa ayoni katika mita moja ya ujazo. Wape vijana waipige wenyewe: uga wa tesla 5.3, ayoni 10²⁰ katika kila mita ya ujazo, na uzito wa ayoni uwe wastani wa deuteri na triti. Watapata kama kilomita 7,000 kwa sekunde. Alfa inazaliwa na kasi ya kilomita 13,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila alfa, katika kupungua kasi, lazima ipitie kwenye kasi ya wimbi. Haina njia ya kuikwepa.

Kinachotokea hapo wanakijua watu wa ngalawa. Umetoka nje ya mwamba wakati wa kusi, upepo uko nyuma na mawimbi nayo yanakuja kwa nyuma. Ngalawa ikienda taratibu sana, mawimbi yanapita chini yake, yanainyanyua na kuishusha, na mwisho wa yote haikupata wala haikupoteza. Ikiikaribia kasi ya wimbi huku ikiwa imeachwa kidogo tu, wimbi linaiinua tezi na kuisukuma, na nahodha anahisi chombo kimechomoka. Ikiwa inalishinda wimbi kidogo kwa kasi, inalifikia lile la mbele, inaanza kuupanda mgongo wake na hapo inapungua. Nguvu yake imekwenda kwa wimbi. Wimbi na chombo hubadilishana nishati pale tu kasi zao zinapokaribiana. Hiyo ndiyo rezonansi, na Lev Landau wa Urusi ya Kisovieti aliipigia hesabu yake katika plazma mwaka 1946.

Maelezo mengi ya wanafunzi yanaishia hapo, na mimi silipendi jambo hilo, kwa sababu mfano wa ngalawa peke yake unatoa jibu lisilo sahihi kwa alfa. Zote zinazaliwa na kasi kubwa kisha zinashuka, na ukizihesabu kwa kasi zao utakuta zenye kasi ndogo ni nyingi kuliko zenye kasi kubwa. Basi zinazosukumwa na wimbi zingekuwa nyingi kuliko zinazolisukuma, na wimbi lingekufa. Mbona halifi?

Kwa sababu nguvu ya kuliamsha haitoki katika tofauti ya kasi. Inatoka katika tofauti ya mahali. Alfa nyingi zinazaliwa katikati ya plazma, kwenye joto la nyuzi milioni 150 za Selsiasi, na ukielekea pembeni zinazidi kuwa chache. Sasa chukua wimbi lenye vilele n kuizunguka pete ya mashine, na frikwensi ya mzunguko ω. Chembe ikilipa wimbi nishati kiasi cha ΔE, sheria inailazimisha itoe pia momentamu ya kuizunguka pete, nayo ni n gawanya kwa ω mara ΔE. Ndani ya uga wa sumaku, momentamu hiyo si uzito mara kasi tu. Ina sehemu ya pili inayotegemea chembe iko umbali gani kutoka katikati, na mabadiliko yanapotokea sehemu hii ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo alfa inayolilisha wimbi hulazimika kusogea nje, na inayolishwa na wimbi husogea ndani. Kwa kuwa zilizo ndani ni nyingi kuliko zilizo nje, zinazotoka zinazishinda zinazoingia, na kwa jumla wimbi linalishwa. Angalia pia n gawanya kwa ω: wimbi lenye vilele vingi na frikwensi ndogo linaihamisha chembe mbali kwa malipo madogo ya nishati. Ndiyo maana alfa inaweza kufikishwa pembeni ikiwa bado na nishati yake karibu yote, na ikifika ukutani inachoma.

Hapa ndipo lilipo jibu la kujipalia makaa. Mteremko wa alfa kutoka katikati kwenda pembeni ni matokeo ya kufanikiwa: mtambo ukiwaka vizuri katikati, mteremko unakuwa mkali, na mteremko mkali ndio chakula cha wimbi.

Pana kinga moja ya asili. Kasi ya Alfvén si moja plazma nzima. Kila tabaka lina yake. Wimbi pana likianza, vipande vyake vinaachana hatua, vinavurugana, na linajifia kabla halijakua. Lau tokamaki, yaani mashine ya aina hii ya ITER, ingekuwa bomba lililonyooka, tungeweza kulala usingizi. Lakini ni pete, na uga wake ni mkali zaidi upande wa ndani kuliko upande wa nje. Wimbi linalozunguka linakutana na uga unaopanda na kushuka kwa mpangilio, na mpangilio huo unafungua pengo la frikwensi ambamo hakuna tabaka la kulimeza. Mwaka 1985 wanafizikia Cheng, Chen na Chance walionyesha kwa hesabu kwamba wimbi linaweza kuishi ndani ya pengo hilo. Mwaka 1991 likaonekana kwenye TFTR, na kwenye mashine ya DIII-D ya San Diego pia.

Sasa swali lako la pili, la hesabu. Plazma ya ITER ina ujazo wa mita za ujazo kama 840, kwa hiyo elektroni peke yake ni 8 ikifuatwa na sufuri 22. Kompyuta ya Frontier iliyoko Oak Ridge, Marekani, ilivuka mwaka 2022 kiwango cha operesheni bilioni bilioni kwa sekunde. Ukiipa kazi ya kuigusa kila elektroni mara moja tu, operesheni moja kwa elektroni moja, itachukua kama saa 22. Na kugusa mara moja si kitu: alfa huzunguka mstari wa uga mara milioni 40 kwa sekunde, na inahitaji karibu sekunde nzima kupoteza nishati yake. Kwa hiyo kazi ya mtu wa modeli, tangu siku ya kwanza, ni kuchagua cha kutupa.

Anaanza kwa kuacha kuzifuata chembe moja moja. Anaandika badala yake hesabu ya wingi wa chembe katika kila mahali na kila kasi, mlinganyo ambao Anatoly Vlasov aliutumia kwa plazma mwaka 1938. Kwenye kompyuta wingi huo huwakilishwa na chembe za mfano, mamilioni au mabilioni, kila moja ikibeba uzito wa halaiki ya chembe halisi. Mahali pana pande tatu na kasi pande tatu, jumla sita, na sita bado ni nyingi mno.

Kinachofuata kutupwa ni mzunguko wa haraka kwenye mstari wa uga. Badala ya kuifuata alfa kila nukta ya duara lake, unaifuata pete nzima, na pande sita zinakuwa tano. Njia hii ilikomaa miaka ya 1980, na ndiyo iliyoifungua fani. Lakini hapa pana mtego, na nimewaona wanafunzi wazuri wakiuingia. Ayoni ya kawaida ya plazma ina pete ya nusu sentimita hivi, na ukiifanya nukta hutokosea sana juu ya mawimbi haya. Pete ya alfa ndani ya tesla 5.3 ina nusu kipenyo cha sentimita 5. Hilo ni umbo linalokaribiana na mikunjo ya wimbi lenyewe, na upande mmoja wa pete unaweza kuwa juu ya kilele huku wa pili uko bondeni. Pete lazima ibaki pete. Zaidi ya hayo, baadhi ya alfa, zikiufuata mstari wa uga, hazimalizi mzunguko mzima. Zikifika upande wenye uga mkali zinarudishwa, zinachora njia yenye umbo la ndizi, na upana wa ndizi hiyo ni mkubwa kuliko pete. Modeli isiyo na ndizi inakosea hata orodha ya chembe zinazoingia kwenye rezonansi.

Baada ya hapo madhehebu yanaachana. Wapo wanaoyapokea mawimbi kama yalivyopimwa na kuzifuata alfa ndani yake, bila chembe kuwa na sauti juu ya wimbi, programu za ORBIT ya Princeton na ASCOT ya Finland hufanya hivyo, na kwa swali la "zitagonga wapi ukutani?" sijaona njia bora zaidi. Wapo wanaoifanya plazma ya kawaida kuwa kimiminika chenye sumaku na kuziacha chembe za kasi peke yake kuwa chembe, zikilisukuma wimbi na wimbi likizisukuma. MEGA ya Japani ni ya aina hii. Wapo wanaozifanya zote kuwa pete, ayoni, elektroni na alfa, kama zilivyo GTC, ORB5 na GENE, na hao ndio wateja wa kompyuta kubwa. Na wapo wanaoutupa karibu utondoti wote na kubakiza kanuni moja: mteremko wa alfa ukivuka kiwango fulani, alfa zinamwagika mpaka mteremko urudi kwenye kiwango. Hesabu kama hiyo ni nyepesi kiasi cha kuingia ndani ya programu kubwa inayoendesha mashine nzima kwenye karatasi, joto, mkondo, mafuta na yote.

Ukiniuliza mimi, sizidharau hizo za mwisho hata kidogo. Modeli kubwa inayochukua wiki nzima kuigiza milisekunde chache inakufundisha fizikia, lakini mtu anayeamua leo mkondo wa umeme ndani ya plazma uwe kiasi gani hawezi kuisubiri. Namwamini zaidi mwenye modeli ndogo anayejua itakatikia wapi kuliko mwenye picha za rangi asiyeweza kuniambia alichotupa.

Kuna kipimo kimoja cha unyenyekevu katika fani hii. Programu kadhaa zilipewa jaribio moja la DIII-D, plazma ile ile, zipige hesabu ya wimbi lile lile, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Juu ya frikwensi zilikubaliana vizuri sana. Juu ya kasi ya wimbi kukua zilitofautiana zaidi. Sababu ni rahisi ukiitazama: kasi ya kukua ni msukumo wa chembe za kasi ukitoa breki zote, za ayoni za kawaida, za elektroni, za tabaka zinazolimeza wimbi. Ni tofauti ya namba mbili zinazokaribiana. Kosa dogo katika mojawapo linakuwa kosa kubwa katika jibu, na likiangukia karibu na sufuri, huwezi hata kusema kama wimbi litazaliwa.

Tuseme limezaliwa na linakua. Mpaka lini? Wimbi moja likiwa peke yake huzinasa chembe zilizo kwenye rezonansi yake na kuzizungusha ndani ya kisiwa, si kisiwa cha bahari bali eneo dogo katika ramani ya mahali na momentamu. Zilizokuwa ndani zinakuja nje ya kisiwa, zilizokuwa nje zinakwenda ndani, mteremko wa pale unalala, chakula kinakwisha na wimbi linaacha kukua. Chembe zimechanganyika lakini hazikwenda mbali. Upana wa kisiwa unafuata kipeuo cha pili cha ukubwa wa wimbi, na hili ni la kuwafanyisha vijana: wimbi linalotikisa uga kwa sehemu moja tu katika elfu kumi lina kipeuo cha moja katika mia. Ndiyo maana mtikisiko ambao ungedhani si chochote una kisiwa cha kuonekana.

Yakiwa mawimbi mengi, kila moja lina kisiwa chake. Vikiwa mbalimbali, kila chembe inabaki kisiwani kwake. Vikigusana, chembe inatoka hiki inaingia kile, inatangatanga bila mpango, na njia ya kwenda ukutani imefunguka. Boris Chirikov wa Novosibirsk aliliandika wazo hili mwaka 1959 akiwa anashughulikia mitego ya sumaku ya plazma. Leo linatumika hadi kwenye mizunguko ya sayari. DIII-D imelionyesha vizuri. Walipozidi kuongeza nguvu za miale ya chembe za kasi, mawimbi madogo yaliongezeka, kila moja likiwa la sehemu kama moja katika elfu kumi ya uga, mpaka pakafika mahali ambapo kuongeza miale hakukuongeza chembe za kasi katikati. Kila kinachoingizwa kinamwagika. Hicho ndicho kizingiti nilichokitaja mwanzo.

Na hapa ndipo ITER inapotofautiana na JET, mashine ya Culham, Uingereza, iliyofungwa mwishoni mwa 2023 baada ya kutoa megajuli 69 katika jaribio lake la mwisho la deuteri na triti. Mawimbi yanayoamshwa kwa nguvu zaidi ni yale ambayo mikunjo yake inalingana na upana wa njia ya alfa. Mashine ikiwa kubwa kuliko njia hiyo, mikunjo mingi zaidi inaenea ndani yake, kwa hiyo mawimbi yanayoweza kuamka kwa pamoja ni mengi zaidi, na visiwa vinajipanga karibu karibu. Huwezi kuchukua matokeo ya JET ukayazidisha kwa ukubwa. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini modeli zinahitajika kabla mashine haijawashwa.

Nisije nikawaachia vijana picha kwamba mawimbi ni adui tu. Utafiti wa JET uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha ayoni za mamilioni ya elektronivolti zikiamsha mawimbi ya Alfvén, na badala ya plazma kuharibika, misukosuko midogo inayovujisha joto ikatulia. Hilo halikutarajiwa na wengi, na limewafanya watu waulize ni kiasi gani cha wimbi kinafaa badala ya namna ya kuliua kabisa.

Na umeme wa Pemba? Usiusubiri huku. Waya wa kutoka Tanga mnao tangu 2010, na kwa miaka mingi ijayo mtaendelea kuutegemea huo na jua.

Sasa laptopu. Hesabu ni hii, nayo inajulikana kwa jina la Chirikov na la John Bryan Taylor wa Culham aliyeifikia kwa njia yake:

p mpya = p ya zamani + K × sin θ
θ mpya = θ ya zamani + p mpya

θ ni mahali chembe ilipo kwenye wimbi, kwa radiani, ikizidi 6.2832 toa 6.2832. p ni momentamu, iacheni ikue bila kuikata. K ni ukubwa wa mawimbi. Rezonansi ziko kila p inapopiga hatua ya 6.2832, na kila moja ina kisiwa chake. Programu yoyote ya majedwali inatosha: safu mbili, nakili fomula chini mara elfu kadhaa, kisha chora p dhidi ya θ kwa nukta bila kuziunganisha kwa mstari. Mkijua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, itakwenda haraka zaidi.

Anzeni na K = 0.5. Weka p = 0 na θ = 3, mtaona chembe inazunguka kisiwani na haitoki. Rudieni na θ = 0.01, karibu na sufuri lakini isiwe sufuri yenyewe, maana sufuri haitikisiki. Hiyo nayo itazunguka ukingoni mwa kisiwa bila kufika cha jirani, hata mkiiacha usiku kucha. Sasa K = 2, mwanzo ule ule wa θ = 0.01. Ndani ya hatua makumi au mamia p itakuwa imevuka 6.2832, au 6.2832 hasi, na kuendelea kutangatanga. Halafu rudieni θ = 3 kwa K hiyo hiyo ya 2: bado iko kisiwani. Wafanye vijana wakae na hilo kidogo. Plazma ile ile, mawimbi yale yale, chembe moja imepotea na nyingine haijui kama kuna shida.

Kisha wapige hesabu ya kugusana. Nusu upana wa kisiwa ni 2 mara kipeuo cha K, na umbali baina ya visiwa ni 6.2832. Wakidhani vinagusana pale upana mzima unapolingana na umbali, watapata K ya karibu 2.5. Halafu watafute kwa kompyuta K ambapo chembe inaanza kweli kuvuka. Itakuwa chini sana ya 2.5, kwa sababu baina ya visiwa vikubwa pana visiwa vidogo, na baina ya vidogo pana vidogo zaidi, na hivyo navyo vinagusana. Jibu linalojulikana ni 0.97 na kitu. Kwa K ya 1.0 msitarajie kuona kitu haraka, kuvuka kunaweza kuchukua hatua malaki au hata mamilioni, kwa 1.2 elfu chache zinaweza kutosha. Wachore muda wa kuvuka dhidi ya K na wataona unavyopaa wakikaribia kizingiti.

La mwisho ni K = 5. Anzisheni chembe mia moja kwa θ mbalimbali, p zote sufuri, na baada ya kila hatua kumi zidisheni kila p kwa yenyewe, kisha tafuteni wastani. Utapanda karibu kwa mstari, kama K² gawanya kwa 2 kwa kila hatua, yaani 12.5, na hesabu halisi itakuwa chini ya hapo kidogo. Mkiupata mstari huo mtakuwa mmefanya kile ambacho modeli nyepesi za alfa zinakifanya: kusahau mawimbi yenyewe na kubakiza kasi ya kutangatanga. Mkikwama niandikie, unitajie K, mlianzia θ ipi, na kama p mliikata au mliiacha. Katika wanaokwama, kosa huwa mara nyingi ni hilo la p, au ni digrii zilizotumika mahali pa radiani.